Shamba lenye kiu katikati ya maji: chumvi na walimaji wa Mesopotamia

Kila musomaji wa Agano la Kale anajua jina la Uri wa Wakaldayo, muji alimotoka Abrahamu pamoja na baba yake Tera. Tukisikia jina lile tunafikiri inchi ya mashamba na mifugo kati ya mito miwili mikubwa, Tigri na Eufrate. Lakini mutu anayefika leo mahali pale, kusini mwa Irak, anaona magofu katikati ya jangwa. Udongo ni mukavu, na katika inchi ile mahali pengi udongo umefunikwa na ganda jeupe, kama unga uliomwagika. Ukilionja ganda lile, ni chumvi.

Namna gani inchi iliyolisha miji ya kwanza ya dunia ilipata kuwa hivi? Wengi watajibu upesi: maji yalikosa. Jibu hilo ni nusu ya kweli tu. Ni kweli kwamba mito ilihama njia zake, na vita viliharibu mengi. Lakini iko sababu ingine, na ile inashangaza zaidi: mahali pengi mashamba hayakuharibika kwa kukosa maji, yaliharibika kwa kupata maji mengi yasiyokuwa na njia ya kutoka. Jambo hili linafaa kujulikana na sisi pia. Basi tutazame kwanza namna mumea unavyokunywa, kisha tufuate historia.

I. Namna mumea unavyokunywa

Kila mama anayepika makayabu amekwisha kuona sheria tunayotaka kueleza. Samaki mubichi akifunikwa na chumvi nyingi, maji yanatoka mwilini mwake, naye anakauka. Hakuna mukono uliomukamua. Maji yenyewe yamefuata chumvi. Siku ya kupika, mama analoweka samaki yule katika maji yasiyo na chumvi. Sasa maji yanarudi ndani, na mwili unavimba tena. Sheria ni moja: maji yakitengwa na ngozi nyembamba, yanatoka upande wenye chumvi ao sukari kidogo, yanakwenda upande wenye nyingi.

Aliyeonyesha jambo hili mbele ya wenye elimu wa Ulaya alikuwa mutu wa Kanisa, shemasi Mufaransa aliyeitwa Abbé Jean-Antoine Nollet. Mwaka 1748 alijaza chombo kidogo na pombe kali, akafunga mudomo wake na ngozi ya kibofu cha nyama, akakizamisha katika maji. Nyuma ya saa chache ngozi ilikuwa imevimba karibu kupasuka, kwani maji yalikuwa yameingia ndani. Munganga Henri Dutrochet alichunguza jambo lile tena, na mwaka 1826 akalipa jina lililozaa neno tunalotumia leo, osmosi. Mwaka 1877 Mujerumani Wilhelm Pfeffer alipata kupima nguvu ya maji yale kwa chombo cha udongo wa kuchomwa, na mwaka ule ule Muholanzi Hugo de Vries alieleza namna mwili hai ulio ndani ya seli ya mumea unavyojikunja ukitiwa katika maji ya chumvi. De Vries alimujulisha mwenzake J. H. van 't Hoff hesabu za Pfeffer, naye akatoa sheria yake. Mwaka 1901 akapewa zawadi ya Nobel, ya kwanza kabisa katika kemia.

Tuweke sasa sheria hiyo shambani. Mizizi ya muhindi ao ya haragi imejengwa na seli nyingi, na ndani ya kila seli kuna maji yaliyochanganyika na sukari na chumvi mbalimbali. Maji ya udongo muzuri ni mepesi kuliko yale. Kwa hiyo yanaingia. Kule juu, jua na upepo vinakausha majani, na majani yanavuta maji kutoka chini, kama mutu anayevuta pombe kwa murija. Henry Dixon na John Joly, wa muji wa Dublin, walieleza kuvuta huko mwaka 1894.

Lakini udongo ukijaa chumvi, mambo yanageuka. Maji ya udongo yamekuwa mazito, na yanashikwa na chumvi yake. Mumea unapaswa kuvuta kwa nguvu zaidi ili upate kiasi kile kile. Chumvi ikizidi, maji hayaingii tena. Hata yale yaliyokuwamo ndani ya mizizi yanaweza kutoka. Hapo unaona ajabu hii: udongo ni tope, na majani yananyauka. Mulimaji asiyejua sababu anaongeza maji, na ikiwa maji yale hayana pa kutokea, anaongeza mauti.

Mumea haukai bure. Unajitahidi kuongeza sukari na vitu vingine ndani ya seli zake ili uweze kuvuta. Lakini sukari ile ingejenga majani na mbegu. Ndiyo maana mumea wa inchi ya chumvi unabaki mufupi, na mavuno yake ni machache. Kisha taabu ya pili inafuata: chumvi inaingia polepole mpaka katika majani, na ncha za majani zinaungua. Tena chumvi ya sodiumu inaharibu udongo wenyewe, hasa udongo wa mufinyanzi: unashikamana, unafunga matundu yake, na maji hayapiti tena.

Mimea yote haina nguvu sawa. Vipimo vilivyokusanywa na Maas na Hoffman mwaka 1977 vinaonyesha hivi: ikiwa haragi linaanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo inapofika kipimo cha 1, muhindi unaanza karibu na 2, mupunga kwenye 3, ngano kwenye 6, na shayiri kwenye 8. Juu ya wote iko mikoko, kama ile ya Moanda kwenye mudomo wa muto Kongo. Maji ya bahari yana gramu karibu 35 za chumvi katika kila litri, na nguvu yake ya kushika maji ni karibu mara 25 ya uzito wa hewa inayotuzunguka. Walakini mikoko inakunywa. Mwaka 1965 P. F. Scholander na wenzake walionyesha kwamba muti wa namna hiyo unavuta kwa nguvu kubwa sana, na mizizi yake inazuia karibu chumvi yote inje. Lakini hakuna mutu anayekula ugali wa mikoko. Tushike neno moja tu: shayiri inavumilia chumvi kuliko ngano. Neno hili litatusaidia kusoma historia.

II. Mashamba ya Sumeri

Inchi ya Sumeri haikupata mvua ya kutosha kulima. Maji yalitoka mitoni. Mito ile inashuka kutoka milima ya Uturuki, nayo inabeba chumvi kidogo iliyoyeyuka katika mawe. Ukionja maji yake hutasikia chumvi. Lakini tufanye hesabu. Tuseme litri moja ina nusu gramu tu ya chumvi. Mutu akimwagilia hekitari moja kwa maji yenye kimo cha metre moja katika mwaka, ameingiza litri milioni 10, na pamoja nazo kilo 5,000 za chumvi. Jua linachukua maji, chumvi halichukui. Mwaka wa pili anaongeza kilo zingine 5,000.

Inchi yenye mutelemko inasafishwa na maji yake yenyewe. Sumeri ni tambarare kabisa. Maji yaliyozama yalikaa chini, yakapanda polepole mwaka kwa mwaka. Yakifika karibu na uso wa inchi, udongo unayavuta juu kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, na jua linayakausha. Chumvi inabaki juu, mahali penye mizizi.

Walimaji wa kale hawakuwa wajinga. Walikuwa na desturi ya kupumzisha shamba kila mwaka wa pili. Katika mwaka wa kupumzika, majani ya pori yenye mizizi mirefu yaliota, yakakausha udongo wa chini, na maji ya chumvi hayakupanda. Mwaka uliofuata, maji mapya yalisukuma chumvi chini kabla ya kupanda. Desturi ile ilikuwa ngao yao. Lakini mufalme anayetaka kodi zaidi, ao watu walioongezeka wanaotaka chakula zaidi, hawapendi kuona nusu ya mashamba imelala.

Karibu na mwaka 2400 mbele ya Kristu, miji miwili jirani, Lagashi na Uma, ilikuwa ikigombana kwa vizazi vingi juu ya mashamba ya mupaka na maji ya mifereji. Ushindi mumoja wa Lagashi, wa mufalme Eanatumu, ulichorwa katika jiwe linaloitwa Jiwe la Tai, na vipande vyake viko leo katika nyumba ya Louvre huko Paris. Mufalme Entemena, aliyetawala nyuma yake, alichimba mufereji mukubwa wa kuleta maji ya Tigri, ili watu wake wasitegemee tena maji yanayopita kwa adui. Kwa macho ya watu wa siku zile ilikuwa kazi ya busara na ya sifa.

Habari za mavuno ya inchi ile tunazijua kwa sababu makarani wa mahekalu waliandika kila kitu katika vibao vya udongo. Ernest de Sarzec alianza kufukua vibao vya Girsu, muji wa Lagashi, mwaka 1877, mwaka ule ule Pfeffer alipotoa kitabu chake juu ya osmosi. Hakuna aliyefikiri wakati ule kwamba kazi zile mbili zitakutana.

Zilikutana mwaka 1958. Thorkild Jacobsen, aliyesoma vibao, na Robert Adams, aliyechunguza mifereji ya kale, walitoa pamoja maandiko juu ya chumvi na tope katika kilimo cha Mesopotamia. Waliona hivi. Karibu na mwaka 3500 mbele ya Kristu, ngano na shayiri zililimwa karibu sawasawa kusini mwa inchi ile. Katika Girsu, miaka elfu na zaidi baadaye, ngano ilikuwa sehemu moja tu katika sita. Karibu na mwaka 2100 haikupita 2 katika 100. Karibu na mwaka 1700 ngano ilikuwa imeachwa kabisa kule kusini. Mavuno pia yalishuka: litri 2,537 kwa hekitari moja katika Girsu karibu na mwaka 2400, litri 1,460 karibu na mwaka 2100, na katika Larsa karibu na mwaka 1700, litri 897 tu. Kwa maoni yao, mufereji wa Entemena na ile iliyofuata ilileta maji mengi kupita kiasi, maji ya chini yakapanda, na chumvi pamoja nayo.

Historia ya kweli inapaswa kusikiliza pande zote. Mwaka 1985 Marvin Powell aliwapinga. Alisema vipimo vya kale si rahisi kugeuzwa kuwa litri na hekitari, na Wasumeri walijua kuosha mashamba yao. Tena mutu anaweza kuchagua shayiri kwa sababu zingine: inafaa kwa pombe, inafaa kwa kondoo. Maneno yake ni ya kufikiriwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba chumvi peke yake ilivunja ufalme wa Sumeri. Vita, siasa na kuhama kwa mito vilifanya kazi yao. Lakini chumvi ilikuwamo katika udongo ule, na vibao vya kale vyenyewe vinataja mashamba yaliyoharibika kwa chumvi.

Waandishi wa Maandiko Matakatifu nao walijua inchi ya namna hiyo. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, Yeremia na Zaburi ya 107 vinataja inchi ya chumvi kama mufano wa mahali pasipo na uzima. Na katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Abimeleki anabomoa Shekemu na kupanda chumvi juu yake. Ilikuwa ishara ya laana. Lakini walimaji wa Mesopotamia walipanda chumvi katika mashamba yao wenyewe kwa miaka mingi pasipo kutaka, wakifikiri wanaleta uzima.

III. Watu wa Zanji

Sura ingine ya historia hii inatugusa karibu zaidi. Katika karne ya 9 nyuma ya Kristu, inchi ya chini karibu na Basra ilikuwa imefunikwa na ganda la chumvi. Matajiri walitaka kuifanya mashamba tena. Wakatumia watumwa wengi, wengi wao watu weusi waliotoka Afrika, wakiitwa Zanji, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa pwani ya mashariki, na ambalo tunalisikia bado katika neno Zanzibari. Wenye elimu wa leo wanabishana ni wangapi walitoka kweli pwani ile na wangapi sehemu zingine za Afrika. Kazi yao inajulikana: kuparua ganda la chumvi, kulikusanya malundo malundo, na kuliondoa, ili udongo wa chini upate kulimwa. Mwandishi wa historia al-Tabari, aliyekufa mwaka 923, anaeleza kwamba walikaa makundi ya mamia na maelfu, na chakula chao kilikuwa unga kidogo na tende.

Mwaka 869 waliasi, wakiongozwa na Ali bin Muhammad, ambaye hakuwa mutumwa mwenyewe. Mwaka 871 waliteka Basra na kuua watu wengi. Walijenga muji wao, al-Mukhtara, kati ya mifereji na vinamasi. Vita vilidumu miaka 14, mpaka al-Muwafaq, ndugu ya Khalifa, alipowashinda mwaka 883.

Mambo mengi yalisababisha vita ile. Lakini tuone mulango wake ulikuwa wapi: shamba lililoharibiwa na chumvi, na watu wengine wakalazimishwa kulilipia kwa migongo yao. Tena kazi yenyewe haikuweza kuponya inchi. Ganda la juu ni moshi. Moto uko chini. Ukiparua chumvi leo na maji ya chini yakibaki karibu, jua litavuta ingine kesho.

IV. Dawa ni mulango wa kutokea

Kwa nini Misri haikupata ugonjwa huu namna ile ile? Huko nako walimwagilia kwa maelfu ya miaka. Lakini Nile ilifurika nyuma ya mavuno na mbele ya kupanda. Maji yalifunika mashamba, yakazama, kisha muto ukashuka chini ya mashamba na kuondoka na chumvi. Tigri na Eufrate zilifurika karibu na wakati wa mavuno, saa mbaya kwa mulimaji. Misri iliogeshwa kila mwaka. Mesopotamia ilinyweshwa tu. Nyuma ya kumalizika kwa bwawa kubwa la Aswan mwaka 1970, mafuriko hayakuja tena, na Wamisri walipaswa kutia mabomba ya kutoa maji chini ya mashamba mengi.

Irak nayo imefuata njia hiyo. Kazi iliyoanza katika miaka ya 1950 ilimalizika mwaka 1992: mufereji wenye kilometre 565, uliochimbwa kati ya mito miwili, ambao kazi yake ni kutoa maji ya chumvi na kuyapeleka baharini. Miaka zaidi ya 4,000 nyuma ya Entemena, watu walichimba mufereji wa pili, ule ambao hesabu ya kwanza iliusahau.

V. Inatuhusu nini?

Katika milima ya Kivu na katika pori kubwa la Kongo, mvua nyingi inaosha udongo, na chumvi si adui. Lakini mahali maji yanapoingia pasipo kutoka, sheria ni ile ile. Katwe, karibu na Ziwa Edouard upande wa Uganda, ni ziwa dogo lisilo na muto wa kutokea. Jua limekusanya humo chumvi ambayo watu wameichimba na kuiuza tangu zamani. Na katika bonde la Ruzizi, kati ya Bukavu na Uvira, mvua ni haba kuliko milimani, jua ni kali, watu wanamwagilia mupunga, na ziko sehemu zenye udongo wa chumvi.

Padri ao katekista anaishi pamoja na walimaji. Mara nyingi parokia yenyewe ina shamba, na watu wanakuja kuuliza shauri siku wanapotaka kuchimba mufereji. Kila mutu siku ile anauliza: maji yatatoka wapi na yatafika wapi? Yafaa awepo mumoja wa kuuliza swali la tatu: yakiisha kufika, yatatokea wapi?

Dalili si ngumu kujua. Uso wa udongo unakuwa mweupe wakati wa kiangazi. Shamba linakuwa na vipara ambako mbegu haioti. Haragi linakufa wakati muhindi ungali unasimama. Majani yananyauka juu ya udongo wenye maji, na ncha zake zinaungua. Mulimaji akiona hayo, asikimbilie kuongeza maji tu. Achimbe kwanza mifereji ya kutoa, chini kuliko shamba. Kisha aoshe udongo kwa maji mengi mara moja, na kuyaacha yaondoke. Baadaye amwagilie kwa kiasi, asawazishe shamba, na apande kwanza mimea yenye kuvumilia. Udongo uliokwisha kushikamana kwa sodiumu unahitaji pia dawa ya chokaa ya gipsi, na shauri la agronomu.

Watu wa Lagashi walimusifu Entemena kwa maji aliyoyaleta, na haki walikuwa nayo: njaa haingojei. Lakini mavuno ya wajukuu wa wajukuu wao yalitegemea pia maji ambayo hakuna mutu aliyeyatoa. Chumvi haina haraka. Aliyefungua mufereji alikula ngano. Waliomufuata walikula shayiri. Na nyuma yao wote wakaja watu wa Zanji, wakaparua udongo kwa mikono.